AJALI, KINGA NA FIDIA: Historia ya Istilahi Tatu za Kazini

Utangulizi

Miongoni mwa nyaraka zinazoletwa mezani kwetu kwa ajili ya kukaguliwa lugha, fomu ndizo zinazopuuzwa mno. Kitabu hupata mhakiki, hotuba hupata wasikilizaji, bali fomu hupata mhuri tu. Hata hivyo wapo wananchi wengi ambao maandishi ya kiserikali wanayoyasoma kwa makini kuliko yote maishani mwao ni fomu. Kwa sababu hiyo nimeona niyaanze makala haya kwa fomu moja.

Fomu hiyo ilikuwa ya kutoa taarifa za mfanyakazi aliyeumia kazini. Ililetwa pamoja na nyingine kadhaa ili tuipitie tafsiri yake, nayo ilikuwa nakala iliyokwisha kujazwa, jina la mhusika likiwa limefutwa. Mtu huyo alikuwa amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia katika mashine. Swali mojawapo lilisema: "Eleza chanzo cha ajali." Naye alikuwa amejibu, kwa mwandiko wa polepole wa mtu anayetumia mkono wa kushoto asiouzoea: "Ni ajali."

Mwenzangu mmoja alisema kwamba mtu huyu hakulielewa swali. Mimi nadhani alilielewa barabara. Kwa Kiswahili alichokirithi kwa wazee wake, ajali haitafutiwi chanzo, kwani ajali yenyewe ndiyo jibu. Aliyeteleza ni mtunga fomu, ambaye alitumia neno lenye historia ndefu kana kwamba lilizaliwa jana pamoja na fomu yake. Na mteleziko huo si wa lugha peke yake. Afisa anayesoma jibu la namna hiyo hapati kitu cha kuchunguza: mashine haikutajwa, kifuniko kilichokosekana hakikutajwa, wala msimamizi aliyeamuru kazi iendelee hakutajwa. Kesho yake mtu mwingine atakaa mbele ya mashine ile ile.

Makala haya yanakusudia kufuata historia ya istilahi tatu ambazo wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali huzitumia kila siku katika mambo ya kuumia kazini: ajali, kinga na fidia. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba kila moja ilikuja kazini na mzigo wake wa zamani, na kwamba sheria za karne moja na nusu zilizopita zimekuwa zikijitahidi kuutua mzigo huo. Kazi ya mfasiri ni kuangalia asiurudishe tena mabegani mwa mfanyakazi.

Ajali

Neno ajali limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni muda uliowekwa, na hasa ule muda wa kufa ambao mja amepangiwa. Katika Kiswahili cha zamani maana hiyo ndiyo iliyotangulia. Mtu aliyefariki dunia ilisemwa kwamba ajali yake imefika. Haikuwa lazima awe ameanguka au amegongwa, kwani hata aliyekufa kitandani alikufa kwa ajali yake. Baadaye maana ilipanuka ikayachukua matukio ya ghafla yenye kuleta madhara, kama vile kuzama kwa chombo au kuporomoka kwa nyumba, na katika zama zetu magari na mashine. Lakini maana ya kwanza haikutoweka. Imehifadhiwa katika methali inayojulikana na kila mtoto wa shule: ajali haina kinga.

Yafaa ieleweke kwamba fikira hiyo haikuwa ya Waswahili peke yao. Huko Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za kazi zilichukuliwa, mahakama zilikuwa na ajali haina kinga yao, ingawa waliivika joho la sheria. Kesi inayotajwa sana ni ile ya Priestley na Fowler, iliyoamuliwa mwaka 1837. Priestley alikuwa mtumishi wa mwuza nyama mmoja. Gari la farasi alilopanda kwa kazi ya bwana wake lilijazwa kupita kiasi, likavunjika, naye akavunjika paja. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa paundi 100. Mahakama ya juu iliutengua uamuzi huo. Jaji alisema kwamba kama bwana angelazimika kumlipa mtumishi katika hali kama hiyo, basi angelazimika pia kumlipa hata kwa kosa la mtumishi wa chumbani aliyemtandikia mwenzake kitanda chenye unyevu. Tena mtumishi, kwa maoni ya jaji, aliweza kuitambua hatari sawasawa na bwana wake, na alikuwa huru kuikataa kazi asiyoiona salama.

Kutokana na kesi hiyo ilijengwa kanuni kwamba aliyeumizwa na kosa la mfanyakazi mwenzake hana madai kwa mwajiri, kwa kuwa alipoingia kazini aliikubali hatari hiyo. Kanuni hiyo haikufutwa kabisa nchini Uingereza mpaka mwaka 1948. Zaidi ya hayo, hadi mwaka 1945, ikiwa mfanyakazi mwenyewe alichangia japo kidogo katika kuumia kwake, aliweza kuyapoteza madai yote. Katika mazingira hayo, kwa mtu aliyekatika kidole kiwandani, tofauti baina ya kusema "Mungu amependa" na kusema "sheria haina njia" ilikuwa ndogo sana.

Mageuzi yalianzia Ujerumani. Sheria ya bima ya ajali ya mwaka 1884, iliyotungwa wakati wa Bismarck, iliwataka waajiri waungane katika vyama vyao na kuchanga fedha za kuwalipa wanaoumia. Haikuulizwa tena nani mwenye kosa. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi alilipwa hadi theluthi mbili za mshahara wake. Uingereza ilifuata mwaka 1897, kwa sheria iliyomtaka mwajiri amlipe mfanyakazi nusu ya mshahara wake, isiyozidi paundi moja kwa wiki, pasipo mfanyakazi kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Mwanzoni sheria hiyo ilihusu kazi za hatari tu, kama vile reli, viwanda, migodi na machimbo ya mawe. Mwaka 1906 ikapanuliwa.

Hapo ndipo ulipotungwa usemi ambao umewatoa jasho wafasiri wengi. Sheria ilisema kwamba malipo yatatolewa kwa ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea katika kuifanya kazi hiyo. Masharti hayo ni mawili, wala si moja. Mtu anaweza kuumia akiwa kazini lakini si kwa sababu ya kazi, kwa mfano akipigana na jamaa yake aliyemfuata kiwandani kwa ugomvi wa nyumbani. Aidha, mtu anaweza kudhurika kwa sababu ya kazi, lakini madhara yakajitokeza yeye akiwa amekwisha kustaafu, kama ilivyo kwa mchimbaji wa madini aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi. Mfasiri anayeyaunganisha masharti hayo kwa kuandika "ajali kazini" na kuishia hapo ameacha nusu ya sheria nje ya ukurasa. Tafsiri inayofaa ni ndefu kidogo, lakini ni ya haki: "ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea wakati wa kuifanya."

Kuhusu maradhi, neno ajali lilionyesha upungufu wake mapema. Ugonjwa hauji kwa kishindo. Kwa hiyo Shirika la Kazi Duniani, lililoanzishwa mwaka 1919, lilipopitisha mikataba yake ya fidia mwaka 1925, liliitenga ajali katika Mkataba Namba 17 na maradhi katika Mkataba Namba 18. Orodha ya kwanza ya maradhi ilikuwa fupi mno: sumu ya risasi, sumu ya zebaki, na kimeta. Msomaji ataona kwamba Kiswahili hakikuhitaji kukopa hata neno moja katika hayo matatu. Wafuaji walizijua risasi na zebaki, na wafugaji walikijua kimeta, kabla ya orodha hiyo kuandikwa. Mwaka 1934 orodha ilirefushwa, yakaingizwa maradhi ya mapafu yanayoletwa na vumbi la mawe, na hapo ndipo tulipolazimika kuunda neno silikosisi.

Kinga

Ikiwa ajali ni neno la kuletewa, kinga ni neno la nyumbani. Kitenzi chake kinaeleweka kote: tunakinga mvua, tunakinga jua, tunakinga maji ya paa kwa ndoo. Kukinga ni kuweka kitu baina ya mtu na kile kinachomjia. Kwa hiyo methali yetu inaposema ajali haina kinga, inasema kwamba hakuna kitu cha kuweka baina.

Historia ya usalama viwandani ni historia ya kuikanusha methali hiyo kwa vitendo. Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1844 iliamuru mashine za viwanda vya nguo zizuiwe ili nguo na nywele za wanawake na watoto zisinaswe. Mawazo hayo yalifika Tanganyika katika Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, Sura ya 297. Humo mwenye kiwanda alitakiwa azizibe sehemu za hatari za mashine zake. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne, hadi ilipochukuliwa nafasi yake na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Usimamizi wake uko mikononi mwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ulioanzishwa mwaka 2001.

Neno lililotumika katika sheria hizo za Kiingereza kwa kuziziba mashine ni lile lile la kuzungushia shamba ua. Hapo mfasiri asiyefika kiwandani hunaswa kwa urahisi. Akiandika kwamba mashine izungushiwe uzio, mfanyakazi atafikiri habari za seng'enge na nguzo, na mwenye kiwanda atajibu kwamba kiwanda chake kina ukuta wa kutosha. Kinachokusudiwa ni kifuniko au kizuizi kinachoshikamana na mashine yenyewe, kwenye mkanda, kwenye meno ya gurudumu, kwenye kinywa kinachomeza malighafi. Wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Tanga wanaijua habari hiyo kuliko kamusi. Mashine ya kuondoa nyama ya jani ili ibaki katani, waliyoiita korona, hulishwa majani yanayopita kwenye magurudumu, na mkono unaofuatana na jani hauulizwi kama ni jani au ni mkono. Katika mahali kama hapo kinga si maneno ya kuhimizana. Ni kipande cha chuma ambacho ama kipo ama hakipo.

Ni vyema kutambua pia nani mwenye jukumu la kuikinga hatari, maana Kiswahili kina tabia ya kulificha jambo hilo. Tunapoandika ubaoni "Jikinge na ajali", kitenzi kinamwelekea mfanyakazi peke yake. Sheria haisemi hivyo. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unaeleza kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Unaeleza pia kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kazini kwa sababu ya kuamini, kwa msingi wa haki, kwamba maisha au afya yake iko katika hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Tukumbuke yule jaji wa mwaka 1837 aliyesema kwamba mtumishi alikuwa huru kuikataa kazi ya hatari. Uhuru huo ulikuwa wa maneno tu, kwa kuwa aliyekataa kazi alilala njaa. Ilichukua karibu miaka 150 kuuwekea ulinzi. Na mwaka 2022 mkutano mkuu wa Shirika hilo uliiingiza haki ya mazingira salama na yenye afya kazini katika kanuni na haki za msingi za kazi, pamoja na zile zilizotangazwa mwaka 1998.

Kwa hiyo katika mabango na miongozo, mfasiri asichoke kutumia vitenzi viwili bega kwa bega: mwajiri akinge, mfanyakazi ajikinge. Kimoja bila kingine ni nusu ya ukweli.

Fidia

Neno la tatu ndilo gumu kuliko yote. Fidia nalo limetoka katika Kiarabu, na katika kamusi za zamani, ile ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939, limefungamana na maana ya kikombozi: mali inayotolewa ili mtu aachiliwe. Waislamu wanalijua pia katika mambo ya saumu, ambapo asiyeweza kufunga hutoa chakula kwa maskini kuwa fidia ya siku alizokula. Jirani yake ni dia, mali anayotoa mwuaji au ukoo wake kwa jamaa za aliyeuawa. Katika matumizi hayo yote liko wazo moja: anayetoa hujitoa katika deni, na akishatoa, mambo yamekwisha.

Neno hilo lilipochukuliwa kueleza malipo ya mfanyakazi aliyeumia, wazo hilo lilikuja nalo, na sheria za wakati ule zililifanyia makao. Kabla ya hapo, sheria kuu ya kazi katika Tanganyika ilikuwa ile ya mwaka 1923, ambayo hata jina lake lilitaja mabwana na watumishi wenyeji. Mambo yalianza kubadilika baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea sehemu nyingine za nchi. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263. Sisemi kwamba mgomo ndio uliozaa sheria; nasema tu kwamba sheria ilizaliwa katika nchi ambayo makuli walikwisha kusikika.

Sheria ya mwaka 1948 ilifuata mfano wa Kiingereza wa mwaka 1897. Dhima ya kulipa ilikuwa ya kila mwajiri peke yake, na malipo ya ulemavu wa kudumu au ya kifo yalitolewa kwa mkupuo. Mwajiri akishalipa mkupuo huo, uhusiano ulikatika. Ukilitazama jambo hilo kwa jicho la lugha, utaona kwamba fidia ilibaki kuwa kikombozi kweli kweli; ila aliyekombolewa hakuwa mfanyakazi, alikuwa mwajiri.

Tena kikombozi chenyewe kilisinyaa. Viwango vya juu viliandikwa ndani ya sheria kwa shilingi, na shilingi haikukaa mahali pamoja. Sheria hiyo ilipofika mwisho wa maisha yake, kiwango cha juu cha fidia kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Msomaji na azipime fedha hizo kwa bei za mwanzoni mwa karne hii. Neno lilikuwa lile lile, kurasa zilikuwa zile zile, lakini familia iliyofiwa iliondoka na kitu kisichotosha hata gharama za matanga na usafiri wa jamaa.

Inastahili kukumbukwa kwamba dunia ilikuwa imeuona udhaifu wa mkupuo tangu zamani. Mkataba Namba 17 wa mwaka 1925 ulielekeza kwamba malipo ya ulemavu wa kudumu na ya kifo yatolewe kwa vipindi, na kwamba mkupuo utolewe tu pale wenye mamlaka watakaporidhika kuwa utatumiwa vizuri. Uingereza yenyewe iliachana na mfumo wa mwajiri mmoja mmoja kwa sheria ya mwaka 1946, iliyoanza kutumika mwaka 1948. Yaani mwaka ule ule ambao Tanganyika ilitungiwa sheria ya mtindo wa zamani, wenye mtindo wenyewe walikuwa wanauvua.

Mageuzi kwetu yalikuja kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huo ulianza kazi tarehe 1 Julai, 2015. Waajiri huchangia, na Mfuko ndio unaolipa. Mfanyakazi hakatwi mshahara kwa ajili hiyo. Aliyepata ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni kila mwezi. Wategemezi wa marehemu nao wana haki yao. Kenya ilitangulia mwaka mmoja kwa sheria ya mwaka 2007. Huko dhima imebaki kwa mwajiri, ambaye analazimika kukata bima, na malipo ya kifo hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96.

Hapa mtaalamu wa istilahi hana budi kusimama na kutazama majina. Mkataba wa mwaka 1925 ulikuwa na neno la fidia katika jina lake. Mkataba Namba 121 wa mwaka 1964, uliokuja baadaye juu ya jambo lile lile, uliliacha neno hilo ukashika neno la mafao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 nayo, kwa Kiingereza, ina mafao katika jina lake; ya Tanzania imebaki na fidia. Tofauti hiyo si pambo. Fidia humaliza deni. Fao hutokana na uanachama na huendelea kadiri haja inavyoendelea. Wafasiri wa Mfuko wetu wamefanya vyema kulitumia neno fidia kwa jina la mfumo, na neno mafao kwa yale yanayotolewa, ambayo ni saba: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo kwa anayemhudumia mgonjwa, huduma za utengamao, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi.

Katika hayo saba naomba nilisifu neno moja, utengamao. Lugha ingeweza kuridhika na neno ukarabati, ambalo limezoea majengo na barabara. Badala yake limechukuliwa lile linalotokana na kitenzi tengamaa, yaani kutulia na kuwa katika hali nzuri. Mtu aliyekatika mguu hakarabatiwi kama daraja. Hurudishwa katika maisha yaliyotengamaa.

Mkono wa mtu katika jedwali

Baada ya majina ya sheria huja majedwali, na hapo ndipo neno moja linaweza kuwa na bei. Sheria za fidia hupima ulemavu kwa asilimia. Katika jedwali la Uingereza, kwa mfano, aliyekatwa mkono kwenye kiungo cha bega huhesabiwa kuwa na ulemavu wa asilimia 90. Aliyepoteza sehemu kuanzia kifundo hadi vidoleni, asilimia 60. Kidole gumba, asilimia 30. Kidole cha shahada, asilimia 14.

Kiswahili kina neno mkono kwa urefu wote, tangu begani hadi kwenye ncha za vidole, na neno mguu kwa urefu wote vilevile. Katika maisha ya kila siku hilo si kasoro, lakini katika taarifa ya kuumia, maneno "alikatika mkono" hayatoshi, kwa sababu kati ya mkono mmoja na mwingine kuna tofauti ya asilimia 30. Mambo huzidi kuwa magumu tukilichukua neno kiwiko: wako wanaolitumia kwa kifundo cha mkono, na wako wanaolitumia kwa mahali panapokunjika katikati ya mkono. Katika fomu za fidia neno hilo liepukwe. Ziandikwe: begani, kwenye kisugudi, kwenye kifundo cha mkono, kwenye kiganja.

Kwa vipande vya vidole, baadhi ya wafasiri wameandika kiungo. Hilo ni kosa lenye hasara, kwani kiungo ni pale vipande viwili vinapokutana. Wakulima wa miwa wametupa neno lililo sahihi, nalo ni pingili. Kidole gumba kina pingili mbili, vingine vina tatu tatu. Aliyepoteza pingili moja hakupoteza kidole, na aliyepoteza kidole asiandikiwe kwamba amepoteza kiungo.

Lipo na neno uzembe, ambalo limewekwa mahali pa istilahi ya kisheria ya kutotimiza wajibu wa uangalifu. Mitaani mzembe ni mvivu. Mwajiri ambaye hakukifunga kifuniko cha mashine huenda akawa mtu mwenye bidii kubwa. Alichokosa si bidii bali uangalifu. Na mfanyakazi aliyechoka baada ya zamu mbili mfululizo, akaandikiwa uzembe, ametukanwa kabla hajasikilizwa. Napendekeza tuseme ukosefu wa uangalifu, hata kama maneno ni mengi zaidi.

Hitimisho

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kimewekwa na sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Hilo ni jambo la kujivunia, nalo linaongeza uzito wa kazi yetu. Zamani mfasiri aliyekosea aliweza kujificha nyuma ya maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa ndiyo yenye nguvu. Sasa anapokosea, kosa lake linaweza kuwa ndilo sheria.

Kwa muhtasari, basi, neno ajali na libaki kwa jina la tukio, lakini lisiachwe peke yake pale tunapotafuta sababu. Neno madhara litumike kwa jumla ya yale yaliyompata mtu, na jeraha kwa kidonda tu. Neno kinga liambatane na jina la mwenye wajibu wa kukinga. Fidia iwe jina la mfumo, na mafao yawe jina la haki zinazotolewa. Walimu nao wanaweza kusaidia sana, hasa wa elimu ya watu wazima, wakiwafundisha wanafunzi wao kuandika maelezo ya tukio kwa mpangilio: nilikuwa nafanya nini, kwa kutumia nini, nani aliniagiza, na kipi hakikuwapo. Wawafundishe pia kwamba taarifa ina muda wake. Sheria ya Tanzania na ya Kenya zote zinaweka miezi 12, na ukipita muda huo haki inaweza kupotea. Mficha maradhi kifo humwumbua. Na anayeficha jeraha, miezi 12 humwumbua.

Sikatai kwamba methali ya wazee ina hekima yake. Yapo mambo yasiyokingika, na mtu aliyepatwa nayo hufarijika kujua kwamba hakuonewa na yeyote. Lakini faraja na taarifa ni vitu viwili. Faraja hutolewa msibani, na taarifa hutolewa ofisini.

Ile fomu tuliirudisha ikiwa na swali jipya. Mahali pa "Eleza chanzo cha ajali" tuliandika: "Ni kitu gani kilichokuumiza, na kilikuwa katika hali gani wakati huo?" Swali hilo ni refu kuliko la kwanza, na linachukua mistari miwili ya karatasi. Lakini mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto hawezi kulijibu kwa neno moja.